Beringi gani zinafaa viatu vya hoki ya magurudumu kwenye lami ya Nairobi?

Swali: Nacheza hoki ya magurudumu jijini Nairobi kila Jumapili, mara nyingi kwenye maegesho ya magari yenye lami na mara chache kwenye sakafu ya ukumbi. Nina kilo 84. Kila kiatu changu kina magurudumu mawili ya milimita 76 mbele na mawili ya milimita 80 nyuma. Tangu mvua itunyeshee katikati ya mchezo mwezi uliopita, beringi zimeanza kulia na gurudumu moja limekuwa zito. Nikitafuta mpya naona ABEC 5, ABEC 7, ABEC 9, za kauri na za Uswisi, na bei zake zinapishana hata mara kumi. Mwenzangu ananiambia ABEC 9 ndizo zenye mbio. Ninunue zipi?

Jibu: Ndugu msomaji, nitakupa kwanza jibu lenyewe, kisha nieleze sababu zake ili uweze kujiamulia siku nyingine bila kuniuliza. Nunua beringi za namba 608 za chuma cha kawaida cha beringi, kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, zenye sili za mpira pande zote mbili ambazo unaweza kuzifungua na kuzirudisha, zikiwa zimetiwa grisi. Kwa fedha ambazo ungelipia seti moja ya kauri, chukua seti mbili za chuma, ili moja iwe kwenye viatu na nyingine iwe safi nyumbani ikingoja zamu. Kabla ya yote hayo, kagua spesa, yaani vipande vidogo vya mrija vinavyokaa kati ya beringi mbili za kila gurudumu, kwa sababu nimeona wachezaji wengi wakilaumu beringi kwa kosa lililo la spesa. Na kwa ajili ya ABEC 9 usiongeze hata shilingi moja.

Tuanze na namba, kwa kuwa ndiyo itakayokuokoa dukani. Beringi ya kiatu cha magurudumu si kitu maalumu kilichobuniwa kwa ajili ya michezo. Ni beringi ya viwandani ya aina ya gololi, ile ile inayofungwa kwenye mota ndogo za umeme na kwenye mashine za mkononi za kutobolea, na jina lake duniani kote ni 608. Tarakimu ya mwisho inakuambia tundu la katikati ni la milimita 8. Kipenyo cha nje ni milimita 22 na unene ni milimita 7. Ukiona imeandikwa 627, hiyo ina tundu la milimita 7 na ilitengenezwa kwa ekseli nyembamba za baadhi ya viatu vya magurudumu manne ya pembeni, kwa hiyo haitaingia kwenye ekseli ya milimita 8 wala spesa ya kipimo hicho. Ukiona 688, tundu lake ni la milimita 8 sawa na lako, ila kipenyo cha nje ni milimita 16 tu, na itacheza ndani ya gurudumu lako kama punje ya dengu ndani ya kikombe. Jozi ya viatu ina magurudumu manane na kila gurudumu hubeba beringi mbili, kwa hiyo hitaji lako ni beringi 16. Tofauti ya magurudumu ya 76 na 80 haihusiani na jambo hili, kwa sababu tundu la katikati la gurudumu ni moja kwa vipimo vyote viwili.

Sasa tuje kwenye ABEC, ambayo imewapotosha watu wengi kuliko kitu kingine chochote katika biashara hii. Herufi hizo ni kifupi cha jina la kamati ya wahandisi wa beringi ya Marekani, na madaraja yake ni matano: 1, 3, 5, 7 na 9. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, lina madaraja yake yanayolingana na hayo: Kawaida, 6, 5, 4 na 2. Madaraja haya hupima jambo moja, yaani usahihi wa vipimo: tundu limekaribia kiasi gani milimita 8 kamili, pete ya nje imekaribia kiasi gani 22, na pete ya ndani inayumba kiasi gani inapozunguka. Kwa beringi ya ukubwa wako, pete ya ndani ya ABEC 1 inaruhusiwa kuyumba maikromita 10, ya ABEC 5 maikromita 4, ya ABEC 7 maikromita 2.5, na ya ABEC 9 maikromita 1.5. Unywele wa binadamu una unene wa maikromita 70 hivi. Gurudumu lako la poliurethani, ambalo baada ya mechi chache kwenye lami hulika upande mmoja kwa nusu milimita, limekwisha kupoteza maikromita 500, na hapo ndipo mwenzako anataka ulipie tofauti ya maikromita 2.5.

Tena ABEC haisemi lolote kuhusu ubora wa chuma, ugumu wake, ulaini wa uso wa gololi, grisi iliyowekwa, aina ya sili wala mzigo ambao beringi inaweza kuubeba. Beringi mbili zinaweza kuwa na ABEC 7 zote mbili, moja ikadumu misimu miwili na nyingine ikaanza kukwaruza baada ya mwezi, na zote zikawa zimesema kweli. Hata huo ukweli wenyewe una mashaka, kwa kuwa hakuna anayesimama mlangoni mwa kiwanda kumzuia mtu kuchapa namba 9 kwenye kifuniko cha beringi ya bei rahisi. Kampuni ya Bones ya Marekani, ambayo beringi zake zinaheshimiwa sana na wachezaji wa ubao na wa viatu vya magurudumu, haitumii ABEC kabisa kwenye bidhaa zake. Husema kwamba zimetengenezwa kwa mahitaji ya kuteleza, na mimi naona msimamo huo ni wa haki.

Madaraja ya juu yana kazi yake halisi, nayo ni mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa mno, kwa mfano mihimili ya mashine za kuchonga chuma inayokwenda mizunguko elfu nyingi kwa dakika. Hebu tupime kasi yako. Gurudumu la milimita 80 husafiri sentimita 25 hivi kwa kila mzunguko. Ukikimbia kilomita 30 kwa saa, ambayo kwenye uwanja mdogo wa hoki ni kasi ya mtu anayekimbilia goli peke yake, gurudumu linazunguka mara 33 kwa sekunde, yaani karibu mara 2,000 kwa dakika. Beringi nzuri ya 608 yenye vifuniko vya bati na grisi imeruhusiwa na watengenezaji kwenda zaidi ya mizunguko 30,000 kwa dakika. Yenye sili za mpira zinazoigusa pete ya ndani hupungukiwa, na bado inakuacha mbali sana. Kwa kasi hauifikii hata robo ya uwezo wa beringi ya kawaida kabisa.

Kwa uzito vilevile. Ukisimama kwa mguu mmoja, kilo zako 84 zinagawanywa kwa beringi nane, kilo kumi na nusu kila moja, ilhali beringi ya 608 hutengenezwa kubeba mzigo wa mzunguko unaozidi kilonyutoni 3, sawa na uzito wa zaidi ya kilo 300. Kwa hiyo unaweza kuuliza: kama kasi haiiui na uzito hauiui, ni nini kinachoiua? Kwa uzoefu wangu wa kufungua beringi za wachezaji, majibu ni matatu, na nayataja kwa mpangilio wa wingi wake: uchafu pamoja na maji, nguvu ya ubavuni, na ufungaji mbaya.

Nianze na ubavu, kwa sababu hapa hoki inatofautiana na mchezo mwingine wowote wa magurudumu. Viatu vya magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja jinsi tunavyovijua leo vilienezwa na ndugu wawili wachezaji wa hoki ya barafu, Scott na Brennan Olson wa Minneapolis, ambao mnamo 1980 walianza kuviboresha ili wachezaji wafanye mazoezi wakati barafu haipo. Mwendo wa mchezo huu ni mwendo wa barafu: unapinda kwa ghafla, unasukuma kwa ukingo, unasimama kwa kuvilaza viatu ubavu na kukwaruza sakafu. Beringi ya gololi ya aina ya 608 imechongwa kubeba mzigo unaotoka juu kwenda chini. Mzigo wa ubavuni inaubeba pia, lakini ni sehemu tu ya ule wa kwanza, na kila unaposimama kwa ubavu gololi hupanda kwenye kingo za mfereji wake, yaani njia iliyochongwa kwenye pete ili gololi zipite, badala ya kukaa chini yake.

Ndiyo maana mimi hupendelea kwa wachezaji wa hoki beringi yenye nafasi ya ndani, yaani uwazi kati ya gololi na pete, iliyo kubwa kidogo, ile ambayo kwenye maduka ya viwandani huandikwa C3 baada ya namba. Nafasi hiyo, kwa beringi ya ukubwa huu, ni kati ya maikromita 8 na 23, dhidi ya 2 hadi 13 kwa beringi ya kawaida. Ukiitikisa kwa vidole utahisi inacheza kidogo sana, na wengi huirudisha dukani wakidhani imelika. Usiirudishe. Kitovu cha gurudumu huibana pete ya nje unapoisukuma ndani, na nafasi hiyo ndiyo inayobaki ili gololi zisikwame. Aidha huziruhusu zihame kidogo ubavu unapokuja bila kusagana.

Pengine umeona watu wakipima beringi kwa kuzungusha gurudumu kwa kidole na kuhesabu sekunde. Kipimo hiki kinafurahisha macho na hakina maana kwa mchezaji. Gurudumu lisilo na mtu juu yake halina mzigo, kwa hiyo kinachopimwa ni wepesi wa mafuta tu: beringi kavu isiyo na sili itazunguka dakika nzima, na yenye grisi na sili itasimama baada ya sekunde chache, ingawa ya kwanza ndiyo itakayokufa wiki ijayo. Wahandisi hukadiria msuguano wa beringi ya gololi kwa kigezo cha 0.0015 hivi. Chukua uzito wako, nyutoni 824, zidisha kwa kigezo hicho, zidisha kwa milimita 4 za nusu ya tundu na ugawe kwa milimita 40 za nusu ya gurudumu. Utapata nyutoni 0.12, yaani uzito wa gramu 12 hivi, sawa na vijiko vitatu vidogo vya sukari. Hicho ndicho kizuizi cha gololi zenyewe chini ya mwili wako wote. Grisi na sili zitakiongeza mara kadhaa, lakini hata hapo kinabaki kidogo ukilinganisha na nguvu inayopotea kwenye poliurethani inayobonyea na kurudi kila inapogusa lami. Anayetaka mbio za kweli abadilishe magurudumu: ya ugumu wa 74A au 76A kwa ukumbi laini, na ya 82A kwenda juu kwa lami, kwa kuwa gurudumu laini la ukumbini kwenye lami ya Nairobi huwa zito na kuisha kabla ya msimu.

Sasa tuingie kwenye vumbi na maji, ambavyo ndivyo chanzo cha tatizo lako. Chukua ile beringi ya gurudumu zito, itoe, ishike kwa kidole gumba na cha shahada kwenye pete ya ndani, na uizungushe polepole karibu na sikio. Utahisi kitu kama punje za sukari zikipondwa. Ukichokoa kifuniko kwa pini utaona grisi iliyokuwa ya rangi ya maziwa imekuwa tope la rangi ya kahawa lenye mng'ao wa chuma, na kwenye mfereji wa pete ya nje kuna madoa ya rangi ya chungwa, kila doa likiwa mahali ambapo gololi ilikaa usiku ule baada ya mvua. Madoa hayo yalitokea viatu vilipokuwa vimefungiwa ndani ya begi, vikiwa vimelowa. Chuma cha beringi kina takriban asilimia 1 ya kaboni na asilimia 1.5 ya kromu; kromu hiyo inakipa ugumu lakini haitoshi kuzuia kutu, na usiku mmoja wa unyevu unatosha kuanzisha madoa. Kila doa ni shimo, na kila gololi inayopita juu ya shimo inatoa ile sauti unayoisikia.

Kwa hiyo swali kubwa unapochagua beringi ya kuchezea nje ni hili: imefunikwa kwa nini? Yenye alama Z au ZZ ina vifuniko vya bati ambavyo haviigusi pete ya ndani. Vinazuia kokoto na nyuzi za nguo, lakini vumbi laini na maji hupita kwenye upenyo ule. Yenye alama RS au 2RS ina sili za mpira. Sili hizo ziko za namna mbili, zinazoigusa pete ya ndani na zisizoigusa. Zinazogusa hukinga vizuri zaidi na huwa nzito kidogo mwanzoni. Zisizogusa ni nyepesi na huacha upenyo mwembamba sana. Kwa mchezo wa lami ya mjini, ambapo vumbi la kiangazi ni jekundu na laini kama unga na mvua hainyeshi kwa ratiba ya mechi, mimi ningechagua sili za mpira zinazogusa bila kusitasita, na uzito ule wa mwanzo hupungua sili zinapokaa sawa baada ya mechi mbili tatu. Kwa anayecheza ukumbini tu, sili zisizogusa au hata kifuniko cha bati upande mmoja zinatosha. Faida nyingine ya mpira ni kwamba hufunguka kwa ncha ya pini na kurudi bila kuharibika, ilhali mabati mengi ya viwandani yamepigwa yakabana na ukiyang'oa yamekwisha.

Kuhusu kauri, niseme wazi ili usidhani naikataa kwa sababu ya bei pekee. Beringi inayouzwa kwa jina hilo kwa kawaida ina gololi za silikoni nitraidi zilizowekwa kati ya pete za chuma. Gololi hizo ni ngumu kuliko chuma, hazishiki kutu, na uzito wake haufiki nusu ya uzito wa gololi za chuma za ukubwa uleule. Hizo ni sifa za kweli, na katika mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa zina thamani kubwa. Lakini pete bado ni za chuma, kwa hiyo mvua yako ingezitia kutu vilevile. Na punje ya mchanga ikiingia, gololi ngumu zaidi huikandamiza ndani ya pete laini zaidi na kuichimba. Kwa mchezaji wa mbio ndefu kwenye njia safi nisingebishana naye. Kwa mchezaji wa hoki kwenye maegesho ya magari naona ni fedha iliyomwagwa.

Chuma kisichoshika kutu ni habari nyingine. Kwa kawaida ni kilaini kidogo kuliko chuma cha beringi na kwa hiyo hakivumilii mapigo kwa muda uleule, lakini kama ungekuwa unacheza Mombasa, Tanga au Unguja, ambako hewa yenyewe ina chumvi na beringi hushika kutu hata ikiwa rafuni, ningekushauri uanze na hicho. Nairobi haina sababu hiyo. Beringi za Uswisi, ambazo pia uliziuliza, ni za chuma zilizochongwa kwa uangalifu mkubwa, na ukizitunza zitakupa miaka. Ukizitunza, narudia, kwa sababu mchanga haujali beringi imetoka nchi gani, na mtu anayesahau viatu vyake ndani ya begi vikiwa na maji atazipoteza sawa na zile za bei ya chini.

Nimesema ukague spesa, na hapa naomba uwe na subira nami. Kati ya beringi mbili za kila gurudumu kuna kipande kidogo cha mrija, cha alumini au plastiki, chenye urefu wa milimita 10 na ushei. Kazi yake ni kuziweka pete mbili za ndani mbali kwa kipimo sahihi unapokaza ekseli. Kikikosekana, au kikiwa kifupi, ekseli inazisukuma pete za ndani moja kuelekea nyingine, ilhali pete za nje zimekaa imara kwenye kitovu. Gololi hubanwa kwa ubavu saa zote, hata umesimama, na beringi mpya kabisa huanza kupata joto na kulia ndani ya mechi chache. Kikiwa kirefu, beringi haikai hadi mwisho na gurudumu linacheza.

Kuna jaribio rahisi la kulifanya nyumbani. Geuza kiatu, zungusha gurudumu ekseli ikiwa imekazwa kidogo tu, kisha ikaze kwa alenki hadi mwisho na ulizungushe tena. Likizunguka vilevile, spesa ni sahihi. Likisimama mapema, mchezaji wa kawaida hulegeza ekseli nusu mzunguko na kuendelea kucheza. Hilo usilifanye kamwe, kwa kuwa ekseli iliyolegezwa hujifungua yenyewe, na gurudumu kutoka katikati ya mchezo huvunja kifundo cha mguu. Badilisha spesa. Angalia pia unene wa ekseli yako: viatu vingine hutumia ekseli ya milimita 8 inayopita moja kwa moja kwenye beringi, na vingine hutumia ekseli ya milimita 6 na spesa yenye mabega inayojaza pengo hadi 8, na spesa za aina hizi mbili hazibadilishani.

Kuhusu mahali pa kununua, usijifunge kwa maduka ya michezo. Duka la beringi la kawaida, lile ambalo fundi wa pikipiki huomba 6301 kwa namba bila kueleza ni ya nini, lina 608 pia. Uliza 608-2RS, na kama ipo C3 uichukue. Tofauti utakayoikuta ni mbili: grisi ya viwandani ni nzito zaidi, na kizimba cha kushikia gololi huenda kikawa cha bati badala ya nailoni. Vyote viwili havina ubaya kwa mchezaji wa uzito wako. Ninachokuomba ni uangalifu dhidi ya bidhaa bandia, ambazo zipo nyingi: shika beringi dukani, izungushe, ipige kidogo kwa kucha, soma maandishi kwenye pete yenyewe na siyo kwenye boksi. Maandishi yaliyochorwa kwa mstari safi wa leza, yenye jina, namba na nchi, ni dalili njema. Yaliyopakwa wino unaofutika kwa kidole ni ya kurudisha.

Hizo za sasa usizitupe kabla ya kuzijaribu kuziosha. Toa sili kwa pini, uanzie ukingo wa ndani, polepole, bila kuupinda mpira. Sili zioshe pembeni kwa maji na sabuni, kwa sababu asetoni na petroli huuvimbisha mpira. Beringi zenyewe zitumbukize kwenye chupa yenye mafuta ya taa, zitikise, mwaga uchafu, rudia hadi mafuta yatoke safi, kisha malizia kwa spiriti kali ili kuondoa utando. Fanya kazi hiyo nje, mbali na jiko. Zikaushe mara moja juu ya kitambaa kisichotoa nyuzi, wala usizizungushe kwa kasi zikiwa kavu. Kwa kucheza lami, paka grisi ya lithiamu kidogo, ijaze theluthi moja tu ya nafasi iliyo wazi, kwa maana grisi iliyojaa hadi juu huzuia mzunguko na kutoka nje ikibeba vumbi. Kwa ukumbi, matone mawili ya mafuta mepesi yanatosha, na mafuta ya cherehani yanafaa iwapo uko tayari kuyarudia kila baada ya wiki chache. Dawa ya kupulizia ya kulegeza nati zenye kutu si kilainishi cha beringi. Huosha grisi iliyopo kisha hupotea. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi.

Unaporudisha beringi kwenye gurudumu, sukuma pete ya nje, siyo ya ndani. Bokisi ya spana yenye kipenyo kinachokaribia milimita 22 hufanya kazi nzuri chini ya kiganja cha mkono. Nyundo juu ya pete ya ndani huipitisha nguvu kwenye gololi na kuacha vidimbwi saba kwenye mfereji, kimoja kwa kila gololi, na beringi uliyoinunua asubuhi huanza kutetemeka jioni.

Baada ya kuosha, zikague moja moja kwa kidole na sikio kama nilivyoeleza. Zinazozunguka kimya zirudishe kwenye viatu ziwe seti yako ya mazoezi. Zinazokwaruza hata zikiwa safi na zina mafuta, au ambazo pete yake ina doa unaloweza kulihisi kwa ncha ya pini, zitoe moja kwa moja, kwa kuwa hakuna grisi inayojaza shimo. Hiyo ya gurudumu zito, kwa maelezo yako, nadhani imo katika kundi hilo la pili; angalia na ile iliyo upande wa pili wa gurudumu hilohilo, kwani zimelowa pamoja. Na Jumapili ijayo mvua ikiwakuta tena, usivifungie viatu ndani ya begi: vitoe ukifika nyumbani, futa maji, toa magurudumu, na uyaache usiku kucha mahali penye upepo.